Maji Hupanda Mara Mbili

Kabla ya jua kutoka, ukungu mweupe hulala juu ya mto Kongo. Mtu akisimama ukingoni mwa Kisangani saa hiyo haoni ng'ambo. Lakini anasikia. Anasikia maporomoko ya Wagenya yakinguruma, nayo hayanyamazi usiku wala mchana.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi, mzee mmoja wa Kigenya alishuka mpaka kwenye mawe ya mto pamoja na mjukuu wake. Mtoto alikuwa na miaka kumi, na alijiona mkubwa tayari. Mzee hakusema neno. Alichutama, akatazama jiwe moja pana, akatazama maji, kisha akalitazama tena lile jiwe. Mtoto akatia mkono majini.

“Babu, leo maji ni ya moto!”

“Si ya moto, mjukuu wangu. Ni yale yale ya jana. Hewa ndiyo iliyopoa usiku. Acha joto la maji, tazama jiwe. Jana ulikaa hapa ukila muhogo wako. Leo pako wapi?”

Mtoto akatafuta mahali alipokaa jana. Hapakuonekana. Maji yalikuwa yamepafunika, na povu lilikuwa likipita juu yake upesi.

Katika maneno hayo machache mzee alisema mambo mawili makubwa ya mto huu. La kwanza, joto lake halibadiliki sana. La pili, kimo chake na nguvu yake hubadilika, na anayeishi kando yake lazima ajue ni lini na kwa nini.

Joto la maji

Mtu mwenye kipimajoto aweza kuyahakikisha maneno ya mzee. Maji ya mto mkubwa hapa Kisangani huwa na joto la nyuzi 25 mpaka 28 hivi, mwaka mzima. Hewa hubadilika zaidi kuliko maji. Mchana hewa yaweza kupita nyuzi 30, na usiku hushuka mpaka 21 au 20. Kwa hiyo alfajiri maji yana joto kuliko hewa. Mvuke hutoka majini, hukutana na hewa ya baridi, nao hugeuka kuwa ukungu. Jua likipanda hewa hupata joto, na ukungu hutoweka. Mtoto alidhani maji yamepashwa moto usiku, kumbe ni mkono wake tu uliopoa.

Kwa nini maji hayapoi? Tazama ramani. Mstari wa ikweta hupita kusini ya Kisangani, kwa kilometa 60 tu. Atokaye Kisangani kwenda Ubundu hupita juu ya ikweta njiani, ingawa hauoni mstari wowote msituni. Mahali kama hapa mchana na usiku ni karibu sawa mwaka wote, saa 12 na saa 12. Jua halikai mbali kamwe. Huko Ubelgiji, mto Mosa huwa na nyuzi chache tu wakati wa baridi, na wakati wa joto hupita 20. Samaki wa huko wajua majira kwa joto la maji. Samaki wa Kisangani hawawezi kuyajua kwa njia hiyo. Huyajua kwa kupanda kwa maji.

Hata hivyo, maji yote si sawa. Vijito vidogo vya msituni hupita chini ya miti mikubwa, jua haliyafikii maji yake, basi huwa na ubaridi kidogo kuliko mto mkubwa. Tena rangi yake ni nyeusi kama chai, kwa sababu majani makavu yaliyoanguka humo hulowa na kutoa rangi yake, vile vile kama majani ya chai katika birika. Watoto wengi huogopa maji meusi wakidhani ni machafu. Ukiyateka katika glasi utaona ni maangavu. Lakini yasinywewe bila kuchemshwa, kwa maana ugonjwa hauonekani kwa macho.

Joto la maji lina neno jingine, nalo lawahusu sana wavuvi. Samaki huvuta pumzi ndani ya maji. Hutumia hewa safi iliyochanganyika na maji, iitwayo oksijeni. Maji ya baridi hushika oksijeni nyingi, maji ya joto hushika kidogo. Lita moja ya maji yaliyo karibu kuganda yaweza kushika miligramu 14 za oksijeni. Lita moja yenye nyuzi 25 hushika kama 8 tu. Basi mto wa joto kama huu ungeweza kuwa mahali pa shida kwa samaki, hasa kwenye maji yaliyosimama chini ya majani yanayooza. Maporomoko ndiyo yanayosaidia. Maji yakianguka juu ya mawe huvunjika, hutoa povu, humeza hewa. Lile povu jeupe analolitazama mpita njia kwa kustaajabu ni pumzi ya samaki.

Mwaka wenye maji mawili

Watu wa pwani, kule Mombasa, Tanga na Unguja, wanayo maneno mawili wanayoyatumia kila siku: maji kujaa na maji kupwa. Bahari hupanda ikafunika mchanga, halafu hushuka ikaacha mashua zimelala ubavu. Hufanya hivyo mara mbili katika siku moja, ikivutwa na mwezi na jua. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji ya juu na maji ya chini huko Unguja yaweza kufika meta 4.

Mto wa Kisangani nao hujaa na kupwa mara mbili. Lakini si kwa siku. Ni kwa mwaka.

Maji ya kwanza huja tangu mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili. Maji ya pili huja mwezi wa nne na wa tano. Katikati yake mto hushuka: mara moja katika miezi ya kwanza ya mwaka, na mara nyingine karibu na mwezi wa saba na wa nane. Miaka haifanani kabisa. Mwaka mmoja maji huwahi, mwaka mwingine hukawia. Mzee mvuvi hahesabu siku za kalenda. Hutazama jiwe lake.

Sababu ya maji hayo mawili yafaa ielezwe vizuri, kwa maana hata watu wazima wengi huikosea. Husema: “Mvua imenyesha, mto umejaa.” Lakini mara nyingine mto hupanda Kisangani wakati ambapo mjini hapajanyesha tone. Maji hayo yametoka wapi?

Mto huu, kabla ya kufika maporomokoni, huitwa Lualaba. Huanzia mbali sana kusini, katika nyanda za juu za Katanga. Hupita Bukama, Kongolo, Kindu na Ubundu, ndipo hufika Kisangani. Njiani hupokea mito mingine mingi. Ulindi, Elila na Lowa hutoka upande wa mashariki, kwenye milima ya Kivu, na kupita katika misitu mikubwa. Luvua huleta maji ya ziwa Mweru, na Lukuga huleta maji ya ziwa Tanganyika.

Huko Kivu na Maniema, karibu na ikweta, mvua nyingi hunyesha katika miezi ya mwisho ya mwaka. Mito ya mashariki hujaa, humwaga maji katika Lualaba, nayo hufika Kisangani bila kukawia sana. Hayo ndiyo maji ya kwanza.

Katanga kuna desturi nyingine. Huko mvua huanza karibu na mwezi wa kumi na moja na kukoma karibu na mwezi wa nne. Kisha ardhi hukauka kabisa kwa miezi mingi. Maji ya mvua hiyo hayaji upesi. Chini ya Bukama mto huingia katika bonde pana la Upemba, lenye maziwa na mabwawa na mafunjo mengi. Hapo maji hutawanyika, husimama, hutembea polepole kama mzee mwenye fimbo. Bonde hilo hunywa maji mengi kwa mara moja, kisha huyatoa kidogo kidogo. Kwa hiyo maji yaliyonyesha Katanga wakati wa Noeli yaweza kufika Kisangani baada ya majuma mengi. Hukutana na mvua ya pili ya ikweta, ile ya mwezi wa nne, na mto hupanda tena. Hayo ndiyo maji ya pili.

Katika mwezi wa sita na wa saba usiku wa Katanga huwa baridi, na maji ya vijito vya huko hupoa. Je, ubaridi huo hufika Kisangani? Haufiki. Safari ni ndefu, jua ni kali, na kabla ya kupita Kindu maji yamekwisha kupata joto la nchi anayopita.

Nguvu ya mkondo

Maji hutembea kwa sababu ardhi imeinama. Kadiri inavyoinama, ndivyo maji yanavyokimbia. Kati ya Ubundu na Kisangani kuna maporomoko saba, katika mwendo wa kilometa 100 hivi. Kwa jumla maji hushuka meta 60 hapo. Watu huyaita maporomoko ya Boyoma. Zamani yaliitwa maporomoko ya Stanley. Lile la saba, la mwisho, ndilo la Wagenya, nalo lina upana wa zaidi ya kilometa moja.

Sasa linganisha. Kutoka Kisangani mpaka Kinshasa ni kilometa 1,740 hivi kwa njia ya mto. Katika safari hiyo yote maji hushuka meta 115 hivi tu. Piga hesabu: ni sentimeta 7 hivi kwa kila kilometa, yaani urefu wa kidole. Lakini juu ya Kisangani, penye maporomoko, ni sentimeta 60 kwa kila kilometa. Ndiyo sababu masua hutoka Kinshasa na kupanda mpaka Kisangani, lakini haiwezi kuendelea hata hatua moja zaidi. Abiria na mizigo hushuka hapo. Reli ya kwenda Ubundu, yenye kilometa 125, ilijengwa kwa ajili hiyo, ikafunguliwa mwaka 1906. Mwaka 1877, mwezi wa kwanza, Stanley na wapagazi wake waliotoka Unguja walipita hapo bila reli. Waliiburuta mitumbwi yao juu ya nchi kavu, msituni, poromoko baada ya poromoko. Wapagazi hao ndio waliofanya kazi, ingawa ni jina la mmoja tu lililowekwa kwenye ramani.

Mkondo si mmoja. Katikati ya mto maji hukimbia, kando hutembea. Juu hukimbia kuliko chini, kwa kuwa chini yanakwaruza mchanga na mawe. Na nyuma ya jiwe kubwa, au nyuma ya ncha ya kisiwa, maji hugeuka na kurudi juu, yakizunguka. Mpiga kasia mwenye akili hulitumia jambo hilo. Akishuka hukaa katikati, mto umchukue. Akipanda hujibanza ukingoni, akiruka kutoka maji ya nyuma ya jiwe hili mpaka maji ya nyuma ya jiwe lile. Mgeni humwona na kudhani anapotea njia, kumbe ndiyo njia ya mkato.

Mto ukipanda, mambo haya yote hubadilika. Jiwe lililokuwa ngao jana limezama leo. Maji yaliyokuwa yakirudi nyuma yake sasa yanapita juu yake kwa nguvu. Na mto unaopanda huchukua vitu: magogo, miti mizima na mizizi yake, na visiwa vya gugu maji vinavyoelea. Gogo lililolowa huelea nusu chini ya maji, halionekani. Mtumbwi ukipigwa na gogo kama hilo hupinduka mara moja.

Basi asubuhi ile ya mwezi wa kumi, mtoto alimwambia babu yake:

“Babu, nipe kasia. Nitakwenda mpaka kile kijiwe, nitazame kikapu chetu. Juzi nilikwenda peke yangu nikarudi.”

Mzee hakukasirika. Aliokota ganda la muhogo, akalitupa majini karibu na ukingo.

“Lifuate kwa macho.”

Ganda lilikwenda polepole hatua kumi. Halafu likafika mahali pale pa kijiwe, na ghafla likavutwa kando, likazunguka mara mbili, likazama. Mtoto alingoja litoke. Halikutoka.

“Juzi hapo palikuwa na maji ya kulala,” mzee akasema. “Wewe uliona njia, na ilikuwa njia kweli. Leo si njia. Mto haukukuambia, ila jiwe limekuambia.”

Mtoto akanyamaza. Akarudisha kasia ndani ya mtumbwi.

Vikapu vya Wagenya

Wagenya walitafuta namna ya kuufanya mkondo uwavulie samaki, na ustadi wao wajulikana duniani kote. Katika mawe ya poromoko la saba mna mashimo, yaliyochimbwa na maji yenyewe kwa muda wa miaka isiyohesabika. Maji yakizunguka na changarawe ndani yake hutoboa jiwe kama keekee itoboavyo ubao. Wavuvi huingiza miti mirefu katika mashimo hayo, miti mitatu mitatu, huikutanisha juu na kuifunga kwa kamba za msituni. Miti hiyo husimama kama mafiga juu ya maji yanayoruka. Kisha hufunga vikapu vikubwa vyenye umbo la pia, mdomo mpana na mkia mwembamba, wakavishusha mahali mkondo unapopita kwa nguvu.

Samaki anayesukumwa na maji huingia kwa mdomo mpana. Akitaka kurudi hawezi, kwa sababu mkondo unamkandamiza mkiani. Hakuna chambo wala ndoana. Nguvu ya mto peke yake ndiyo inayomshika. Ndiyo maana kikapu hakifai katika maji yaliyolala, na ndiyo maana pia Wagenya lazima wajue kimo cha maji. Mto ukiwa chini mno, kikapu hukaa juu ya jiwe kavu. Ukiwa juu mno, hauwezi kufikika, au mkondo huung'oa mti na kuondoka na kikapu na kazi ya siku nyingi. Miti husimamishwa wakati maji yamepungua na mashimo yanaonekana. Mtu akiwatazama wavuvi wakitembea juu ya miti hiyo myembamba, miguu mitupu, na maji yakichemka chini yao, hushika pumzi. Wao huzungumza na kucheka kana kwamba wako barabarani.

Vikapu hivyo vina faida moja ambayo nyavu za siku hizi hazina. Nafasi kati ya fito zake ni pana, na samaki mdogo hupita akaenda zake. Mkubwa ndiye anayebaki, kama yule mbenga mwenye meno makali, au mboto mnene. Lakini sasa wako watu wanaovua kwa nyavu za matundu madogo sana, hata kwa vyandarua vya kujikinga na mbu. Nyavu hizo huchukua watoto wa samaki waliozaliwa jana. Mzee mvuvi huziona na kusikitika, kwa sababu samaki wadogo wa mwaka huu ndio wakubwa wa mwaka kesho kutwa.

Na samaki hao wadogo huzaliwa lini? Hapa tena ni maji yanayosema. Mto ukipanda, chini ya Kisangani huingia msituni, ukafunika ardhi kati ya miti. Samaki wengi huufuata. Humo hupata wadudu, matunda na minyoo, na mahali pa kuficha mayai yao. Kambare, ambao wengi hapa huwaita ngolo, hufurahia sana maji hayo, kwa kuwa waweza kuvuta hewa ya juu hata pale oksijeni inapokosa majini. Mto ukishuka, samaki hurudi mtoni wakiwa wanene. Katika miezi hiyo samaki hujaa sokoni. Mto ukiwa katika kujaa, samaki wametawanyika msituni, wavuvi hupata kidogo, na bei hupanda. Mama anayenunua samaki sokoni hulipa bei ya majira ya mto, hata kama hajashuka ukingoni mwaka mzima.

Bahari ya mbali

Lugha ya Kiswahili ilifika Kisangani kutoka pwani, ikifuata njia za msafara. Tippu Tip, mfanya biashara wa Unguja aliyenunua pembe na watumwa, alikuwa na watu wake hapa maporomokoni, na mwaka 1887 akafanywa liwali wa mahali hapa. Biashara ile ya kuuza watu ilikwisha. Lugha ikabaki. Lakini kuna kitu kingine kinachotoka katika bahari ile mpaka leo, nacho ni sehemu ya mvua.

Bahari haifanani na mto wetu: joto lake hubadilika kwa majira. Pwani ya Kenya na Tanzania, wakati wa upepo wa kusi, hasa mwezi wa nane, maji ya juu huwa na nyuzi 25 hivi. Mwisho wa kaskazi, mwezi wa tatu na wa nne, hufika 29 hivi. Mkondo wa bahari huko huenda kaskazini kando ya pwani. Kusi ikivuma kutoka nyuma, mkondo hukimbia. Kaskazi ikivuma kutoka mbele, hupunguza mwendo. Nahodha wa jahazi hulijua hilo kama Mgenya ajuavyo jiwe lake.

Sasa, iko miaka ambayo upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ule wa Afrika, hupata joto kupita desturi katika miezi ya mwisho ya mwaka, na upande wa mashariki, karibu na Indonesia, hupoa. Bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi. Mawingu hujaa, na mvua kubwa hunyesha Afrika ya Mashariki, hata kufika katika mabonde ya Kongo. Mwaka 1961 ulikuwa mwaka wa namna hiyo. Ziwa Victoria lilianza kupanda, nalo likapanda zaidi ya meta 2 katika miaka michache. Mto Kongo nao ulipanda, na Kinshasa kipimo cha maji kikafika meta 6.26, kimo ambacho watu walikikumbuka kwa miaka mingi.

Mwaka 2019 bahari ilipata joto tena, na mafuriko yakaja mwishoni mwa mwaka. Ikawa vile vile mwaka 2023. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2024 kipimo cha Kinshasa kilifika meta 6.20, sentimeta 6 tu chini ya kile cha 1961. Jimbo la Tshopo pia liliingiliwa na maji. Serikali ilitangaza kwamba katika nchi nzima watu wapatao 300 walikufa, nyumba zaidi ya 43,000 zilianguka, na shule zaidi ya 1,300 ziliharibika. Fikiri juu ya hesabu hiyo ya mwisho: madawati ndani ya maji, madaftari yamelowa, watoto wamekaa nyumbani, kama bado wana nyumba. Na maji ya mafuriko huingia vyooni na visimani, kwa hiyo baada yake huja kipindupindu.

Siku hizi joto la bahari hupimwa kila siku kwa mashine zinazoelea na kwa setilaiti zinazopita juu angani. Bahari ikianza kupata joto kupita kiasi mwezi wa nane au wa tisa, wenye kupima huliona kabla tone la mvua halijaanguka Kivu. Kuna nafasi ya majuma mengi ya kuhamisha magunia, kuinua vitanda, kuchimba mitaro. Shida ni kuifikisha habari hiyo mpaka kwa mama mwenye nyumba ya udongo kando ya mto. Na ikimfikia, lazima awe na mahali pa kuhamia.

Alama ya mtoto

Mzee wa Kigenya hana setilaiti. Siku ile, baada ya ganda la muhogo kuzama, alimpa mjukuu wake kipande cha mkaa.

“Piga mstari pale maji yanapofika sasa. Kesho asubuhi utapiga mwingine. Usiruke siku.”

Mtoto akafanya hivyo. Siku ya pili maji yalikuwa yamefuta mstari wa kwanza, naye akapiga mwingine juu yake, upana wa vidole vinne. Siku ya tatu, vidole vitatu. Siku ya nne jiwe lote lilizama, ikambidi ahamie kwenye jiwe la juu zaidi. Siku ya kumi maji yalisimama. Asubuhi ya kumi na moja alikuta mstari wa jana uko pale pale, mkavu, na chini yake jiwe limelowa upana wa kidole kimoja.

Akapanda mbio mpaka nyumbani kumwita babu yake.

Maswali

1. Kwa nini ukungu huonekana juu ya mto alfajiri, na kwa nini huondoka?
2. Maji ya mwezi wa kumi na moja hutoka wapi? Na maji ya mwezi wa nne?
3. Mto hushuka sentimeta ngapi kwa kila kilometa kati ya Kisangani na Kinshasa? Onyesha hesabu.
4. Kwa nini mzee alitupa ganda la muhogo majini?
5. Pima hatua 50 kando ya kijito kilicho karibu na shule, ukiwa na mtu mzima. Tupa kijiti majini mwanzoni, mwingine ahesabu polepole mpaka kijiti kifike mwisho. Fanya hivyo leo, tena baada ya mvua kubwa. Andika hesabu zote mbili.